Kwani kompyuta inakula unga? Kazi yetu, hakimiliki na wateja wasiolipa

Najua nimekuwa kimya. Kazi zilinizidi, na sehemu kubwa ya kazi hizo ilikuwa kufuatilia pesa ambazo nilipaswa kulipwa zamani. Kwa kawaida hapa huwa naandika kuhusu programu, seva na vifaa vipya. Leo naweka msimbo kando kidogo nizungumzie jambo linalomgusa kila mtu anayeketi mbele ya kompyuta huku Eastlands akichora, akiandika, akihariri picha au akitengeneza tovuti za watu: mteja anachukua kazi yako, anaitumia, na halipi.

Nianze na kisa changu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, mwenye shule moja ya binafsi (sitaitaja) alinipigia simu. Alitaka nembo mpya ya shule na tovuti ya kurasa 6. Tukaelewana kwa simu: shilingi 35,000 kwa yote. Hatukuandika chochote. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia, nami nilitaka kuanza haraka. Tena yeye ni mtu mzima, mwalimu, anajulikana mtaani. Ningeanzaje kumdai karatasi?

Nikaichora ile nembo kwa siku 3. Nikamtumia kwa WhatsApp, faili safi kabisa, kubwa, tayari kwa kuchapishwa. Akanijibu kwa alama ya kidole gumba. Baada ya hapo simu zangu zikawa hazishikwi.

Miezi miwili baadaye nilikuwa ndani ya matatu nikitoka Umoja, tumekwama kwenye msongamano wa Outering Road karibu na Donholm. Mbele yetu palikuwa na basi la shule, la manjano. Nyuma ya basi, nembo yangu. Ilikuwa imepakwa vizuri mpaka nikajivunia kwa sekunde mbili hivi. Halafu nikakumbuka.

Kesho yake nikaenda shuleni.

"Mwalimu, habari yako. Nimekuja kuhusu ile pesa ya nembo."

"Ile picha? Kijana wangu, ile si ulichora tu kwa kompyuta? Mimi nimemlipa mtu wa kupaka basi. Rangi nimenunua. Wewe ulinunua nini?"

"Ni kazi ya siku tatu, Mwalimu."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Kwani kompyuta inakula unga?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndiyo sababu ya makala haya.

Fundi wa Kamukunji hana shida hii

Nenda Kamukunji mwezi wa Januari, wakati wazazi wanatafuta masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mwambie fundi akutengenezee sanduku la kipimo chako, kisha umwambie utamlipa ukishalitumia muhula mmoja. Atakutazama, atarudi kwenye nyundo yake, na atakusahau. Ukitaka sanduku maalumu unaacha pesa ya bati kwanza, na unalibeba ukishamaliza salio.

Angalia pia wachoraji wa matatu. Matatu za Buruburu, zile za 58, zimejulikana kwa michoro yake kwa miaka mingi. Gari likiingia gereji kuchorwa, kila siku linayokaa pale mwenyewe anapoteza mapato ya siku. Mchoraji akisema salio kwanza, ufunguo baadaye, mwenye gari anatafuta pesa. Hata fundi wa viatu na wa redio ana kitu mkononi. Kenya tuna sheria nzima, Sura ya 38, inayomruhusu fundi kuuza mali iliyoachwa kwake bila kuchukuliwa, akifuata utaratibu uliowekwa.

Sisi tunashika nini? Faili. Na faili lina tabia mbaya sana: ukishalituma, unabaki nalo na mwenzako analo. Hakuna cha kuzuia. Hakuna ufunguo. Ndiyo maana mteja wetu haoni kama amechukua kitu. Ukilinyang'anya sanduku, fundi anabaki mikono mitupu na kila mtu anauona wizi. Ukichukua nembo, mchoraji bado anayo kwenye kompyuta yake. Sasa analia nini?

Kwa hiyo kitu pekee ambacho mtu wa kazi za kompyuta anaweza kukishika ni haki. Hakimiliki ndiyo ufunguo wetu wa gari. Na hapa ndipo nilipopata mshtuko wa maisha yangu.

Kifungu cha 31

Nilitoka kwa yule mwalimu nikiwa nimevimba kwa hasira. Kichwani nilikuwa na mpango: mimi ndiye mtunzi, hakimiliki ni yangu, nitaandika barua kali, nitaiondoa ile nembo kwenye kurasa zao zote za mtandaoni. Nilikuwa nimesoma mambo haya kwenye tovuti za Wamarekani kwa miaka. Nikampigia rafiki yangu mmoja niliyesoma naye, ambaye siku hizi ni wakili.

Akaniuliza swali moja tu. "Ndugu, ile nembo aliiagiza nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Mliandikiana kwamba haki zinabaki kwako?"

"Hapana."

"Basi soma kifungu cha 31, halafu unipigie tena."

Nikasoma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001, Sura ya 130. Sehemu yake ya kwanza inafurahisha. Hakimiliki inakuja yenyewe mara tu kazi inapowekwa katika umbo linaloonekana au kuhifadhiwa. Huhitaji kusajili ndipo uwe na haki. Programu za kompyuta zimo, zinahesabiwa pamoja na kazi za maandishi. Michoro na picha zimo. Na mwenye hakimiliki wa kwanza ni mtunzi.

Halafu linakuja neno "isipokuwa". Kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama ninyi wawili mmekubaliana vinginevyo.

Rudia kusoma hapo, polepole. Kifungu hakisemi "aliyeagiza na kulipa". Kinasema aliyeagiza. Katika nchi yetu, mkinyamaza, ukimya unamfaa mteja. Mimi nilikuwa nadhani kukosa mkataba kunaniacha pale nilipo, nikiwa mtunzi na mwenye mali. Kumbe nilipokubali ile kazi kwa simu na nikanyamaza kuhusu haki, sheria ilikuwa imeshajaza nafasi iliyoachwa wazi, na ilijaza jina la mwenye shule.

Wengi wetu tunapotoshwa na makala za nje. Marekani mambo yako kinyume. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya kule iliamua kesi ya mchongaji James Earl Reid na shirika moja la kutetea watu wasio na makao lililokuwa limemwagiza sanamu. Mahakama ikasema kuagiza kazi hakumfanyi msanii wa kujitegemea kuwa mwajiriwa wa aliyeagiza. Kule, kwa kawaida, mtu wa kujitegemea huanza akiwa na hakimiliki yake, na anayeitaka lazima aipate kwa maandishi. Hapa kwetu ni wewe unayetakiwa kuiwahi kabla haijaondoka. Kijana wa Kayole akisoma ushauri wa mtu wa Chicago na kuufuata neno kwa neno, amejifunga kitanzi bila kujua.

Deni na umiliki ni vitu viwili

Mtu atasema: lakini si bado anakudai? Ndiyo, deni langu halijafa. Kuhama kwa hakimiliki hakumfutii mteja deni. Tulikubaliana 35,000, nami nina miaka 6 ya kumdai mahakamani kwa mkataba wa mdomo kama ule. Lakini tofauti ya deni na umiliki ni kubwa, na ndiyo moyo wa makala haya.

Mwenye deni anaomba. Mwenye mali anazuia.

Ukiwa na hakimiliki unaweza kumwambia mteja asiitumie kazi mpaka alipe, na kila siku anayoitumia anaongeza kosa. Unaweza kwenda kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ukiwa na malalamiko ya kueleweka. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, unaweza kumpelekea mtoa huduma za mtandao notisi ya kuondoa kazi yako iliyowekwa bila idhini. Facebook, Instagram na YouTube nazo zina fomu za namna hiyo. Mteja ambaye hakushika simu yako miezi mitatu atakupigia mwenyewe siku ukurasa wake ukizimwa.

Lakini kama hakimiliki imeshahamia kwake, ukituma notisi hiyo wewe ndiye unayedanganya. Sheria yetu inasema kutoa notisi ya uongo ni kosa la jinai. Ndiyo maana rafiki yangu wakili alinizuia. Ile barua kali niliyoiandika usiku ule kwa hasira bado iko kwenye kompyuta yangu. Naihifadhi kama kumbukumbu ya ujinga wangu.

Usitege bomu

Kabla ya kueleza ninavyofanya siku hizi, niwape onyo watengenezaji programu wenzangu, maana najua mnawaza nini.

Mnawaza: nitaacha mlango wa nyuma. Asipolipa naingia kwenye seva yake, nazima tovuti, naweka ukurasa mweusi wenye maneno "Mwenye tovuti hii halipi madeni". Nimewahi kuwaza hivyo hivyo. Msijaribu.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 haiulizi kama ulikuwa unadai. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, na kuuvuruga ni kosa kubwa zaidi: faini ya hadi shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Yaani kwa ajili ya deni la 35,000 unampa mdaiwa wako nafasi ya kwenda polisi akiwa yeye ndiye mlalamikaji. Nawe uliyedhulumiwa ndiye unayelala ndani.

Jambo la pili ni jina la kikoa. Wapo wanaosajili kikoa cha mteja kwa jina lao wenyewe ili wamshike nacho baadaye. Mimi sikubaliani na tabia hiyo. Jina la shule ni la shule, kama kibao kilicho kwenye lango lake. Ukilishikilia, umetoka kwenye kudai haki yako umeingia kwenye kuteka nyara, na hakuna atakayekusikiliza hata kama deni ni la kweli. Sajili kikoa kwa jina la mteja siku ya kwanza. Cha kushika ni kazi yako mwenyewe: msimbo, michoro na maandishi uliyoyatunga.

Ninavyofanya siku hizi

Yafuatayo nimeyajaribu kwa wateja wa hapa hapa mtaani, wenye saluni, makanisa, vyama vya akiba na mikopo na maduka ya vifaa vya ujenzi. Si maneno ya vitabuni.

1. Sentensi moja kabla ya kuanza. Watu wanaogopa neno mkataba kwa sababu wanafikiria kurasa kumi na mihuri. Kifungu cha 31 kinasema "makubaliano". Ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa ni makubaliano. Mimi hutuma hivi:

"Habari yako. Kama tulivyozungumza leo, nitatengeneza nembo na tovuti ya kurasa 6 kwa shilingi 35,000. Arbuni ni 17,500 kabla ya kuanza. Hakimiliki ya kazi yote inabaki kwangu mpaka malipo ya mwisho yaingie, na kabla ya hapo kazi isitumike popote. Yakishaingia nitakupa barua ya kukukabidhi haki zote. Ukikubali, nijibu: Nimekubali."

Ni hayo tu. Mteja wa kweli anajibu kwa dakika moja. Anayeanza kuzungukazunguka hapo amekuokoa na kazi ya siku 3.

2. Arbuni kabla ya chochote. Nusu ya bei. Anayeshindwa kutoa nusu leo hataipata nzima kesho. Na arbuni ina faida nyingine. Ule ujumbe wa M-Pesa wenye tarehe, jina na kiasi ni shahidi kwamba mlikuwa na biashara, hata akikana baadaye.

3. Onyesha, usikabidhi. Nembo ya kuangalia naituma ikiwa ndogo, yenye alama ya jina langu katikati, isiyofaa kupakwa hata kwenye baiskeli. Tovuti naiweka kwenye seva yangu, kwa anwani ya majaribio yenye neno la siri. Mteja anaifungua kwenye simu yake, anabonyeza kila kitu, anaonyesha bodi yake. Salio likiingia, naihamishia kwake siku hiyo hiyo. Hapa hakuna bomu lolote. Ni sanduku lililo bado kwenye kibanda cha fundi.

4. Tunza ushahidi. Tumia Git hata kwa kazi ndogo. Lakini kumbuka tarehe za Git unaweza kuzibadilisha mwenyewe, kwa hiyo historia iliyo kwenye kompyuta yako pekee haimtoshi mtu mwenye shaka. Ipakie kwenye seva ya nje kila jioni. Usifute mazungumzo ya WhatsApp hata simu ikijaa. Sheria yetu ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki, mradi uziambatanishe na cheti kinachoeleza zilitolewa vipi na kwenye kifaa gani. Ukipenda unaweza pia kusajili kazi kubwa kwa KECOBO. Si lazima, ila cheti kinasaidia mnapobishana nani alitangulia.

5. Barua ya kukabidhi. Hii wengi tunaisahau. Ukishalipwa, mwandikie mteja barua fupi yenye sahihi yako kwamba hakimiliki sasa ni yake. Sheria inataka uhamisho kama huo uwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na anayetoa. Ni heshima kwa mtu aliyelipa vizuri, na anarudi tena. Hata baada ya hapo, sheria inakuachia haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi. Kwa hiyo kuwaambia watu "hii niliifanya mimi" ni haki yako kabisa.

6. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mwezi wa Aprili 2021, na inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya huduma ulizotoa ukanyimwa malipo. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kabla ya mahakama hii, kudai 35,000 kortini kulikuwa kama kuuza ng'ombe ili ununue kamba. Siku hizi hata kumtumia mteja barua ya madai inayoitaja mahakama hiyo kunafungua mifuko.

Niongeze jambo kuhusu sampuli za bure. "Tuletee mawazo yako kwanza tuone, tukipenda tutakupa kazi." Hapo uwe mwangalifu mara mbili, kwa sababu hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna ulivyolitekeleza: mchoro wenyewe, msimbo wenyewe, maneno yenyewe. Mwaka 2012 Faulu Kenya ilikwenda Mahakama Kuu ikitaka kuizuia Safaricom kuendelea na M-Shwari, ikidai wazo la huduma hiyo lilikuwa lake. Mahakama ilikataa kutoa zuio hilo. Kama taasisi nzima yenye mawakili ilishindwa kulizuia wazo, wewe na mimi wa Umoja tutaweza? Ukialikwa kupeleka mawazo, peleka kazi ulizozimaliza zamani zioneshe uwezo wako. Wazo jipya lisubiri arbuni.

Na sisi je?

Haki ni pande mbili, nami sitaki kujifanya malaika. Yule mwalimu akinijia leo aniulize, "Kijana, hizo fonti za tovuti ulinunua?" ningejibu nini wakati ule? Kompyuta niliyochorea nembo yake ilikuwa na programu ya kuchorea niliyoipata kwenye flashi ya mtu pale saiba. Fonti zilikuwa za wizi. Picha ya watoto wanaocheka niliyotaka kuweka ukurasa wa kwanza niliitoa mtandaoni bila kuuliza ni ya nani.

Huwezi kulia umeibiwa huku umekalia kiti cha wizi. Siku hizi natumia Inkscape na GIMP, ni za bure na ni halali, na fonti zenye leseni ya wazi. Na ukijenga juu ya WordPress, kumbuka inatolewa kwa leseni ya GPL, yenye masharti yake. Huwezi kumuuzia mteja kana kwamba kila mstari ni mali yako peke yako. Mwandikie wazi: hiki ni changu, hiki ni cha jamii, unapewa hivi. Mteja akiona wewe mwenyewe unaheshimu kazi za watu usiowajua, atakuwa na aibu zaidi kuichezea yako.

Sheria nayo irekebishwe

Kifungu cha 31 hakikuandikwa na watu wabaya. Hebu fikiria upande wa mteja. Mama mwenye hoteli analipa nembo, analipa kibao, anachapisha menyu, kisha mchoraji anarudi baada ya mwaka na kusema, "Hakimiliki ni yangu, niongeze pesa." Huo nao ni udhalimu, na kifungu kinamkinga asifanyiwe hivyo. Anayelipia kazi anastahili kuitumia kwa amani.

Tatizo langu ni kwamba kinga hiyo hiyo inamfunika aliyelipa na ambaye hajalipa, bila kuwatofautisha. Yangeongezwa maneno machache tu, kwamba hakimiliki inahamia kwa aliyeagiza akishamaliza kulipa bei waliyokubaliana, mama wa hoteli angebaki salama na mwenye basi la manjano angelazimika kushika simu. Sijui ni nani angeumia na maneno hayo isipokuwa asiyetaka kulipa.

Wengine wameshakwenda mbali zaidi. Jiji la New York lina sheria iliyoanza kutumika Mei 2017 kwa ajili ya wafanyakazi wa kujitegemea. Kazi ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, malipo yatoke ndani ya siku 30 baada ya kazi kama mkataba hautaji siku, na mteja anayegoma anaweza kuamriwa kulipa mara mbili. Kiwango chao si lazima kiwe chetu. Lakini wazo la kwamba anayeagiza ndiye anayebeba mzigo wa kuandika, badala ya kijana aliye na shida ya kodi, linafaa kabisa kwa Nairobi. Ukiwa na njaa huwezi kubishania vifungu.

Mpaka siku hiyo ifike, tutumie mlango ambao sheria yenyewe imetuachia: "ila kama mmekubaliana vinginevyo". Ni maneno machache, lakini ndani yake mna nembo yako, tovuti yako na kodi ya nyumba yako.

Mnataka kujua kama nililipwa. Nililipwa 15,000, baada ya kwenda shuleni mara 5, kwa awamu mbili, ya mwisho ikisindikizwa na maneno "nakusaidia tu". Tovuti sikuitengeneza. Basi la manjano bado naliona Outering Road, na rangi imeanza kubanduka kwenye kona ya nembo.

Na jibu langu kwako, Mwalimu, kama unasoma: ni kweli, kompyuta haili unga. Inakula stima, inakula bando, na inakula macho ya aliyeketi mbele yake usiku kucha. Unga anakula yeye, na watoto wake, jinsi unavyokula wewe.

Haya, wasomaji wangu, kabla hujachora mstari wa kwanza wa kazi mpya wiki hii, tuma ile sentensi. Kazi njema.